Matokeo Yanahesabiwa Mpaka Lini?

Agosti 1960, mjini Portland katika jimbo la Oregon, daktari Albert Starr alimwekea mgonjwa valvu ya bandia ya mitrali, ile iliyo kati ya chemba mbili za kushoto za moyo: gololi ya silikoni inayopanda na kushuka ndani ya kizimba, aliyoibuni pamoja na Lowell Edwards, mhandisi mstaafu wa mitambo ya pampu. Mgonjwa alifariki saa chache baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Wa pili, mwanamume wa miaka 52, alipasuliwa mwezi uliofuata. Huyu aliishi miaka mingi, na hata alipokufa moyo haukuhusika: alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Ukiwahesabu wawili hao kwa kanuni ya kuhesabu vifo vya siku 30 za kwanza inayotumika leo katika hospitali nyingi, nusu ya wagonjwa wa Starr walikufa. Ukihesabu kwa miaka, valvu ile ilimpa mtu mmoja umri ambao hakuwa na pengine pa kuupata.

Hesabu hizi mbili hazijapatana hadi leo, na ugomvi wake huonekana waziwazi kwenye upasuaji wa pamoja, yaani pale mgonjwa anapobadilishiwa valvu ya moyo na kupandikizwa mishipa ya moyo katika kikao kimoja. Marekani, Ufaransa, Urusi, India na Afrika zimeufikia upasuaji huu kwa njia tofauti, kila moja na swali lake. Nadhani tofauti za matokeo tunazozisoma zinatokana na maswali hayo kuliko zinavyotokana na ustadi wa mikono.

Nusu ya pili ya upasuaji huu, ile ya mishipa, ilikomaa katika hospitali ya Cleveland Clinic, jimboni Ohio. René Favaloro, Muargentina aliyekuwa ametumia takriban miaka 12 kama daktari wa kijiji cha Jacinto Aráuz katika nyika za La Pampa, mwaka 1967 alichukua mshipa wa mguuni akauunga kwenye ateri ya moyo ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba. Aliweza kwa sababu Mason Sones, wa hospitali hiyohiyo, alikuwa ameshagundua mwaka 1958, tena kwa bahati tu, namna ya kuzipiga picha ateri hizo moja moja. Katika nchi za kaskazini magonjwa haya mawili hufuatana. Valvu ya aota, kwenye mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni, hukakamaa uzeeni kwa kujaa madini ya chokaa, na uzee huohuo, ukisaidiwa na presha, sukari, sigara na mafuta, huziba ateri. Mzee wa miaka 75 anafika hospitali kwa ajili ya valvu, picha zinamkuta na ateri mbovu vilevile. Hakuna anayetaka kumpasua kifua mara mbili, kwa hiyo yote hufanywa kwa mkupuo mmoja.

Rejista ya kitaifa ya wapasuaji wa kifua wa Marekani inatoa picha iliyo rahisi kusoma. Kati ya watu 100 wanaopandikizwa mishipa pekee, hufa takriban wawili. Wanaobadilishiwa valvu ya aota pekee, hivyohivyo takriban. Ukiviunganisha viwili hivyo, vifo hufika watatu au wanne. Mpaka hapo mtu anaweza kudhani ni kujumlisha tu, mbili na mbili. Lakini valvu ya mitrali inapobadilishwa pamoja na kupandikiza mishipa, vifo hukaribia tisa au kumi kwa kila mia. Hospitali ni zilezile, mashine ni zilezile na wapasuaji ni walewale.

Sehemu ya sababu iko mezani. Ili valvu ifikiwe, moyo lazima usimamishwe, aota ibanwe, na mashine ya moyo na mapafu ishike zamu. Muda wote aota ikiwa imebanwa, moyo wenyewe haupati damu. Unalindwa kwa baridi na kwa maji yenye potasiamu. Mpasuaji huanza kwa kushona zile ncha za mishipa mipya zinazoungana na ateri za moyo, ndipo aiguse valvu. Mpangilio huo una akili yake. Kupitia mishipa hiyo mipya anaweza kuyapeleka maji ya kuulinda moyo hadi upande wa pili wa sehemu zilizoziba. Halafu, valvu ya bandia ya mitrali ikishakaa mahali pake, kuunyanyua moyo ili kuzifikia ateri za nyuma kunaweza kupasua ukuta wa chemba ya kushoto, na jeraha hilo huponyoka wachache. Kila hatua inaongeza dakika, na moyo uliochoka tangu nyumbani hauna dakika za kugawa.

Sehemu kubwa zaidi ya sababu, hata hivyo, mgonjwa anakuja nayo. Mara nyingi mitrali inayovuja kwa mtu mwenye ateri zilizoziba haina ugonjwa wowote. Vipande vyake ni vizima. Kilichokufa ni ukuta wa moyo chini yake, baada ya shambulio la moyo; ukuta umetanuka, umezivuta kamba zinazoishikilia valvu, na valvu haifungi tena. Mpasuaji anaibadilisha valvu nzima kwa sababu ya ukuta mgonjwa ambao hawezi kuubadilisha. Ile tisa au kumi kwa mia, kwa hiyo, inaeleza hali ya chemba ya kushoto kuliko inavyoeleza upasuaji.

Hapa Paris inaingia. Katika hospitali ya Broussais, Alain Carpentier alianza kuishuku tabia ya Wamarekani ya kung'oa valvu na kuweka chombo. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kemikali ya glutaraldehidi huzifanya valvu za nguruwe zidumu mwilini mwa binadamu, kwa hiyo hakuwa mpinzani wa valvu za kuwekwa. Lakini mchango wake mkubwa ulikuwa kuitengeneza valvu ya mgonjwa mwenyewe. Alibuni pete ya kuirudishia mitrali umbo lake, na mwaka 1983 alichapisha muhtasari wa mbinu hizo uliozoeleka kwa jina la Marekebisho ya Kifaransa. Msingi wake ulikuwa mwendo: usiulize kipande kimeharibikaje, uliza kinakwendaje. Kinaweza kwenda sawa, kinaweza kupita kiasi, kinaweza kuzuiwa. Aina ya tatu, ya kuzuiwa, aliigawa mara mbili. Kwanza ni kuzuiwa wakati wa kufunguka na kufunga, ambako ni kazi ya homa ya baridi yabisi. Pili ni kuzuiwa wakati wa kufunga tu, ambako ni kazi ya ukuta uliokufa kwa kukosa damu. Msichana wa Afrika na mstaafu wa Ohio wakawa majirani kwenye jedwali moja la Mfaransa. Jedwali zuri kuliko hilo katika fani hii sijaliona.

Wengi waliosoma Paris walirudi kwao wakiamini kwamba kutengeneza kunashinda kubadilisha siku zote. Kwa mitrali iliyolegea kwa uchakavu, imani hiyo imesimama. Kwa mgonjwa wa upasuaji wa pamoja mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2016 mtandao wa watafiti wa Amerika ya Kaskazini ulichapisha matokeo ya wagonjwa 251 wenye mitrali inayovuja sana kwa sababu ya ateri, wengi wao wakipandikizwa mishipa wakati huohuo. Nusu walitengenezewa kwa pete, nusu walibadilishiwa. Baada ya miaka miwili, kwa waliotengenezewa valvu ilikuwa imerudi kuvuja katika asilimia 58.8, kwa waliobadilishiwa, asilimia 3.8. Ungetegemea vifo vifuate njia hiyohiyo. Havikufuata: takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekufa katika kila kundi, asilimia 19.0 kwa waliotengenezewa na 23.2 kwa waliobadilishiwa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Mtandao huohuo, mwaka huohuo, uliripoti matokeo ya wagonjwa 301 ambao mitrali zao zilivuja kwa kiasi tu, ukiuliza kama inafaa kuigusa valvu au kuishia kwenye mishipa. Walioguswa valvu walikaa muda mrefu zaidi kwenye mashine, wakapata matatizo mengi zaidi ya ubongo na mishipa ya fahamu, na baada ya miaka miwili vifo vilikuwa karibu sawa, kama 10 kwa 100 pande zote mbili. Mitrali zao zilivuja kidogo kuliko za wenzao, ni kweli. Ila mtu haji hospitali kuomba valvu isiyovuja. Anakuja kuomba kupanda ngazi bila kuhema na kuishi awaone wajukuu, na kwa kipimo hicho Paris na Cleveland zilitoka sare.

Leningrad nitaipitia haraka. Mwaka 1964, kabla ya Favaloro, Vasilii Kolesov aliunga ateri ya kifuani kwenye ateri ya moyo huku moyo ukidunda, bila mashine. Wenzake hawakumtilia maanani sana. Miongo kadhaa baadaye njia ya moyo unaodunda ilishamiri India, ambako vifaa vya mashine ni gharama anayoibeba mgonjwa na jamaa zake, na Japani, ambako hofu ya kiharusi ina uzito wa pekee. Majaribio makubwa ya nchi za magharibi hayakuipa ushindi. Kwa habari yetu lililo muhimu ni kwamba mapokeo haya yanagota mlangoni pa valvu: hakuna namna ya kuufungua moyo unaodunda, wenye damu ndani, na kushona valvu ya kawaida. India ililijibu swali la gharama kwa upande mwingine. Katika taasisi ya Sree Chitra huko Thiruvananthapuram, kikundi cha M. S. Valiathan kilihangaika na modeli baada ya modeli hadi ya nne ikafaa, na tangu Desemba 1990 valvu ya Chitra imekuwa ikiwekwa kwa watu wasioweza kumudu valvu ya kutoka ng'ambo.

Turudi kwenye kuhesabu, maana nako kuna mapokeo yake. Ernest Codman, daktari wa Boston, alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa mpaka ijulikane kama matibabu yalifaa, na kama hayakufaa, kwa nini. Aliachana na hospitali kubwa ya mji huo mwaka 1914, akiwa tayari na hospitali yake ndogo, akachapisha makosa yake mwenyewe: 123 kati ya wagonjwa 337. Wenzake walimwona msumbufu. Karne haikuisha kabla serikali ya jimbo la New York haijaanza kukusanya takwimu za vifo vya upasuaji wa mishipa ya moyo, mwaka 1989, na gazeti la Newsday likaenda mahakamani ili majina ya wapasuaji yatolewe hadharani. Vifo vilipungua. Ubishi ukabaki: je, madaktari walikuwa hodari zaidi, au waliwakwepa wagonjwa wabaya? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpasuaji anayeogopa jedwali la gazeti anaweza kumwambia mzee mwenye mitrali na ateri mbovu kwamba dawa zinatosha.

Ulaya ilitafuta dawa ya tatizo hilo kwa kumpima mgonjwa kabla ya kumpima mpasuaji. Kipimo cha EuroSCORE, kilichotoka mwaka 1999, kilijengwa kwa karibu wagonjwa 20,000 wa nchi nane za Ulaya. Toleo la pili la mwaka 2012 linauliza wazi uzito wa kazi yenyewe: kupandikiza mishipa tu, kazi moja nyingine, kazi mbili, au tatu. Ni chombo cha haki, nami nakiheshimu. Mgonjwa wa upasuaji wa pamoja haonekani tena kuwa aibu ya daktari wake. Bado kinahesabu kifo cha hospitalini, na kinanyamaza mgonjwa anapovuka geti akiwa na bahasha ya dawa mkononi.

Kwetu ndipo hesabu inapoanzia getini. Katika utafiti wa REMEDY, uliowafuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Chanzo ni koo la utotoni lililoshambuliwa na bakteria na kukosa penisilini. Baada ya miaka miwili asilimia 16.9 walikuwa wamekufa. Iweke tarakimu hiyo kando ya wale 251 wa mwaka 2016. Vijana wa miaka 28, wengi wao wakiwa hawajawahi kulala kwenye meza ya upasuaji, walikufa kwa kasi iliyokaribia ya wazee wa Amerika waliofanyiwa moja ya kazi nzito kuliko zote katika fani hii. Makundi hayo mawili hayafanani kwa lolote, na kuyalinganisha moja kwa moja kitakwimu ni kosa. Ila yanaonyesha mahali hatari ilipo. Kwa mstaafu wa Ohio hatari kubwa iko kwenye upasuaji. Kwa kijana wa Kigoma iko kwenye kuukosa.

Kijana huyo, akiupata, ateri zake kwa kawaida ni safi. Upasuaji wake wa pamoja ni wa valvu na valvu, mitrali na aota kwa mpigo. Kituo cha Salam mjini Khartoum, kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Kiitaliano la Emergency, kiliwapasua bure wagonjwa wa namna hii kutoka nchi nyingi za Afrika. Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe mwaka 2015. Kabla ya hapo rufaa ya moyo kwa Mtanzania ilimaanisha pasipoti na ndege ya India. Siku 30 za kwanza hazielezi mengi kuhusu mgonjwa wa aina hii. Aliyewekewa valvu ya chuma atakunywa warfarini maisha yake yote, na damu yake itapimwa kipimo cha INR mara kwa mara: ikiganda upesi mno valvu inaziba au kiharusi kinampata, ikichelewa mno anavuja damu. Dawa mpya zisizohitaji kipimo hazikumwokoa. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha damu kuganda na kuvuja zaidi. Nauli ya kwenda kliniki ni sehemu ya matokeo ya upasuaji. Vita vilivyoifikia Khartoum Aprili 2023 ni sehemu ya matokeo ya upasuaji.

Na akiwa mwanamke? Warfarini huweza kuharibu mimba, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Valvu ya mnyama haihitaji dawa hiyo ya maisha, lakini kwa mwili wa kijana huchakaa haraka, na kifua kitafunguliwa tena. Ohio hawaulizi swali hili kwa sababu mgonjwa wao wa upasuaji wa pamoja ana miaka 75. Huku ndilo swali la kwanza ambalo mama mkwe atauliza, tena mbele ya daktari.

Huko kaskazini, wakati huohuo, upasuaji wa pamoja umeanza kuondoka mikononi mwa wapasuaji. Mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen alipitisha valvu ya aota ndani ya mshipa bila kufungua kifua. Mwaka 2024 lilichapishwa jaribio la Ulaya la watu 172 wenye miaka 70 na zaidi, wote wakiwa na aota iliyokakamaa na ateri mbovu. Karibu nusu walifanyiwa upasuaji wa pamoja wa kawaida, waliobaki waliwekewa valvu ya kupitishwa mshipani na vibomba vya kutanua ateri. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki walikuwa asilimia 10 katika kundi la upasuaji, na sifuri katika lile jingine. Jaribio ni dogo, lilisimamishwa kabla ya wakati, na mwaka mmoja hausemi lolote kuhusu valvu ya mnyama itakavyokuwa mwaka wa kumi. Hata hivyo mzee wa miaka 78 wa Rotterdam anayo haki ya kuonyeshwa tarakimu hizo kabla ya kutia saini.

Valvu ya Cribier hushikilia kwa kung'ang'ania chokaa ya valvu ya zamani. Valvu ya baridi yabisi ya kijana mara nyingi imekunjamana na inavuja, bila chokaa ya kutosha kushikilia kitu, na iliyoharibika zaidi kwa kawaida ni mitrali. Ndiyo maana Dar es Salaam, Kampala na Nairobi zitaendelea kufungua vifua kwa miaka mingi. Mgonjwa mpya naye ameshaanza kuonekana: mtu wa miaka 58 aliyebeba mitrali ya baridi yabisi tangu shule ya msingi, akapata sukari akiwa na 45, na sasa ateri zake mbili zimeziba. Kifuani mwake yamo magonjwa ya mapokeo mawili. Atahitaji upasuaji wa pamoja uleule ambao Rotterdam wanaanza kuuacha, hatari yake itakadiriwa kwa kipimo kilichojengwa kwa Wazungu ambao wengi wao hawakuwahi kuugua baridi yabisi, na miaka kumi yake itategemea umbali wa kliniki ya INR.